Nyimbo Zetu Tuzinase Wenyewe: Chumba cha Kunasia Sauti Nyumbani



Katika mikutano ya matawi yetu ya Arua na Koboko kuna swali linaloulizwa kila mara, mambo ya mishahara yakishamalizika. Wenzetu wana vikundi vya nyimbo. Wanaimba kazini, wanaimba misibani, wanaimba Mei Mosi mbele ya wageni. Wanauliza: je, mtu wa mshahara mdogo anaweza kunasa wimbo wake nyumbani, bila kwenda kulipa studio ya mjini? Na akiisha kuunasa, wimbo huo ni wa nani?

Sisi twayaona maswali haya kuwa swali moja, na ndiyo sababu tumeyaleta katika ukurasa huu wa chama. La kwanza tunalijibu ndiyo, inawezekana, na vyombo vinavyotakiwa ni vichache kuliko watu wanavyodhani. La pili linategemea karatasi mtakayoandika kabla ya kuimba. Tutaeleza yote mawili. La vyombo litachukua nafasi kubwa zaidi kwa kuwa lina vitendo vingi, lakini asiyetaka kusoma habari za nyaya na asome walau sehemu ya karatasi.

KWA NINI TUJISUMBUE

Watu wa West Nile walikwenda kufanya kazi mbali tangu zamani za Waingereza. Walikata miwa Kakira na Lugazi, walilima pamba na kahawa ya watu Buganda. Serikali ya kikoloni iliifanya wilaya yetu kuwa ghala la vibarua. Watu hao waliondoka na nyimbo zao, wakatunga nyingine huko huko mashambani. Kisha vita vya 1979 na miaka iliyofuata viliwatupa wengi wetu ukimbizini Zaire na Sudan. Adungu zikaachwa nyuma au zikachomwa pamoja na nyumba, na wazee wengi wakazikwa ugenini. Wimbo ambao haukunaswa ulizikwa na mwenyewe.

Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi akinasa ngoma na nyimbo kati ya 1949 na 1954. Kanda zake zilikwenda kuhifadhiwa London, na katika karne hii nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Ilikuwa kazi nzuri na twamshukuru. Lakini mtu wa huku akitaka kwenda kusikiliza, Kampala ni mwendo wa kilomita kama 500, nauli ya kwenda na kurudi, na siku za kazi zinazokatwa. Nyimbo za wafanyakazi yafaa zikae mahali wafanyakazi walipo.

CHUMBA KWANZA

Watu wengi huanza kwa kuuliza maikrofoni ya bei gani. Sisi twasema anza na chumba. Sikio la binadamu lina akili; likiwa sokoni huchagua sauti ya mtu mnayezungumza naye na kuziacha nyingine. Maikrofoni haichagui. Inapokea sauti ya mwimbaji, na sauti hiyo hiyo ikirudi kutoka ukutani, na ikirudi tena kutoka kwenye mabati, zote pamoja. Ndipo wimbo unasikika kana kwamba umeimbwa ndani ya pipa. Ikishanaswa hivyo, hakuna fundi wa kuiondoa.

Jaribu hivi. Simama chumbani, piga kofi moja kali, unyamaze. Kama baada ya kofi unasikia mlio mwembamba unaotetemeka kama waya uliovutwa, chumba hicho kinarudisha sauti. Nyumba ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mabati bila dari na vyombo viwili tu ndani, ndiyo mbaya kuliko zote. Na ndiyo nyumba ambayo kijana wetu akipata fedha huichagua kuwa studio kwa sababu inapendeza macho.

Sasa ingia katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, ile ya mama kijijini, upige kofi tena. Kofi linakufa papo hapo. Nyasi nene zinameza sauti, na ukuta wa udongo uliosiribwa kwa mkono hauko laini kama saruji, basi sauti inayogonga hapo hutawanyika. Nyumba hii tunayoionea haya ni chumba kizuri cha kunasia sauti, tena haina gharama. Ina kasoro mbili tu. Ya kwanza, kama ni ya duara, usisimame katikati kabisa, kwa maana sauti zinazorudi kutoka ukuta wa mviringo hukutana pale pale katikati. Sogea hatua mbili kuelekea upande mmoja. Ya pili ni vumbi na wadudu wanaodondoka kutoka kwenye paa. Tandaza kitambaa juu ya vyombo, na usiviache humo usiku.

Asiye na nyumba ya nyasi atengeneze kwa alivyo navyo. Chukua godoro la sponji ulisimamishe nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Tunasema nyuma yake, si mbele, kwa sababu maikrofoni nyingi za kuimbia husikia upande mmoja, na upande huo unamtazama mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Ukuta huo ndio wa kuziba kwanza. Tundika mablanketi mazito pembeni, yakunjwe mikunjo, na yaachane na ukuta kiasi cha shibiri moja. Blanketi lililogandamizwa ukutani halifanyi kazi kama lile lililoning'inia. Katika pembe za chumba simamisha magunia yaliyojazwa nguo kuukuu, maana sauti nene hupenda kujikusanya pembeni. Wenzetu wa viwanda vya nguo na vya kushona hawatakosa mabaki ya kujazia. Omba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kuyachukua, lisije likazaliwa shauri la wizi.

Habari ya trei za mayai. Tumeona vyumba vilivyobandikwa trei kutoka chini hadi juu, na mwenye chumba anajivuna. Trei ni karatasi nyepesi. Zinapunguza kidogo mlio mwembamba wa juu, lakini sauti ya ngoma inapita kana kwamba hazipo, na ya boda-boda barabarani inaingia kama kawaida. Tena zinashika moto upesi, na chumba chenye nyaya za umeme si mahali pa kubandikia vitu vinavyoshika moto. Fedha za trei nunua blanketi.

Lazima tuseme wazi kwamba vitu hivi vyote vinatuliza sauti ya ndani. Havizuii ya nje. Kuzuia ya nje kunahitaji ukuta mzito na mlango uliozibwa pande zote, na hiyo ni gharama ya ujenzi. Mnyonge anajitetea kwa kuchagua saa. Huku kwetu mvua hunyesha tangu karibu Aprili hadi Novemba, na mvua juu ya bati haina dawa. Zima mashine ungoje. Miezi mikavu, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya kazi. Kwa siku moja, saa nzuri ni kati ya saa nne za usiku, jenereta za majirani zinapozimwa, na saa tisa, kabla ya majogoo. Mwambie jirani mapema. Na mwenye zamu ya asubuhi asikeshe hapo. Mashine ya kiwandani haijui kwamba ulikuwa ukiimba, na kidole hakioti tena.

VYOMBO

Kama kikundi kina simu janja moja iliyo nzima, mnaweza kuanza wiki hii. Weka simu katika hali ya ndegeni ili isilie katikati ya ubeti. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, juu ya stuli, usiishike mkononi, kwa kuwa kila msuguano wa vidole unanaswa. Tundu la maikrofoni kwa kawaida liko chini ya simu, lielekee waimbaji. Tafuta programu ya kunasia inayohifadhi faili aina ya WAV, isiyobana sauti. Ipo pia programu ya bure iitwayo BandLab inayokuwezesha kunasa sauti moja, kisha nyingine juu yake, kwa simu hiyo hiyo. Usidharau hatua hii. Kikundi kisichoweza kunasa wimbo safi kwa simu hakitauweza kwa kompyuta.

Hatua ya pili ni kompyuta. Laptopu iliyotumika yatosha, ilimradi haizimiki ovyo na feni yake haipigi kelele. Programu ya Audacity ni ya bure na imekuwako tangu 2000. Ina karibu kila kitu anachohitaji mtu anayeanza. Mafundi wengi wa Kampala na Arua hutumia FL Studio, inayofaa sana kwa kutengeneza midundo, na wengi wao wana nakala za wizi. Sisi tunaodai haki ya kazi yetu hatuwezi kumshauri mtu aibe kazi ya mwenziwe. Anza na ya bure.

Kati ya maikrofoni na kompyuta hukaa kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita intafesi. Kazi yake ni kugeuza sauti iwe namba ambazo kompyuta inazielewa. Nunua chenye matundu mawili, moja la sauti na moja la gitaa au adungu. Matundu manane ni fahari tu.

Maikrofoni ziko za aina mbili kubwa. Ile iitwayo kondensa ni nyepesi wa kusikia, inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku, na katika studio iliyojengwa vizuri inatoa sauti nzuri sana. Katika chumba cha kupanga Koboko itakuletea mbuzi, mtoto wa jirani, na lori linaloelekea Oraba. Ile iitwayo dainamiki husikia zaidi kilicho karibu nayo, ni ngumu kuharibika, na joto na vumbi haviisumbui sana. Chukua dainamiki. Iliyo mashuhuri ni Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na kuonekana majukwaani dunia nzima. Kwa sababu ya umashuhuri wake masoko yamejaa za bandia zenye jina lile lile. Usinunue bila kuijaribu dukani, na bei ikiwa rahisi kupita kiasi fahamu kwamba si yenyewe.

Mengine yatengenezwe hapa hapa. Fundi wa kuchomelea atakupa mguu wa maikrofoni kwa kipande cha nondo kilichosimikwa katika kopo la saruji. Ile sauti ya upepo itokayo mdomoni tukisema "pa" na "ba" huzuiwa kwa soksi ya nailoni ya akina mama iliyovutwa juu ya waya uliokunjwa duara, ikawekwa kati ya mdomo na maikrofoni. Hedifoni ndiyo usiifanyie ubahili. Iwe ya kufunika masikio yote, ili mdundo anaousikiliza mwimbaji usivuje ukaingia tena katika maikrofoni.

Spika kubwa acha kwanza. Sabufa inadanganya. Mtu anapanga wimbo wake kwa sabufa, anaufurahia, akiupeleka kwenye redio ndogo ya mkulima hausikiki kitu, kwa kuwa utamu wote aliusikia kutoka kwenye besi ya mashine. Sikiliza kwa hedifoni, kisha kwa simu, kisha kwa redio ya teksi. Ukieleweka kote kutatu, umefaulu.

UMEME

Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Tulitegemea mitambo ya mafuta na, tangu 2012, maporomoko ya Nyagak huko Zombo, megawati 3.5 kwa jimbo zima. Gridi imefika miaka ya hivi karibuni tu, na wengi bado hawana waya nyumbani. Kwa hiyo tupige hesabu ya sola.

Laptopu inatumia kama wati 60, kisanduku cha maikrofoni wati 5 hivi. Pamoja na balbu moja tuseme wati 75. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri za asidi haifai kuzinyonya zaidi ya nusu, zinakufa upesi, basi hesabu 600. Gawanya kwa 75, unapata saa nane. Toa zinazopotea katika inveta, zimebaki kama sita na nusu. Ni usiku mzima wa kazi.

Inveta za bei rahisi hutoa umeme wenye mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo huingia katika wimbo kama nyuki anayelia. Kama huna fedha ya inveta nzuri, chaji laptopu hadi ijae, chomoa waya kabisa, nasa kwa betri yake yenyewe, halafu chaji tena. Hata mwenye umeme wa gridi na afanye hivyo akisikia mvumo.

KUNASA

Kikundi cha watu sita chenye maikrofoni moja hakina upungufu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi katika Kongo, akamnasa Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Hakukuwa na studio. Nasa zile zilisikika Afrika Mashariki yote na bado wapiga gitaa wanajifunza kwazo. Tracey alizoea kuishika maikrofoni yake mkononi na kuisogeza kwa anayestahili kusikika.

Nanyi fanyeni hivyo kwa miguu. Simameni nusu duara. Mwenye sauti kubwa arudi nyuma hatua moja, mwenye sauti ndogo asogee, kiongozi awe karibu kuliko wote. Naseni ubeti mmoja, sikilizeni, kisha wasogezeni watu, siyo vitufe. Ngoma iwe mbali, mlangoni au hata nje ya mlango. Ikichukua saa nzima kupanga watu, saa hiyo haikupotea.

Kwa adungu, kwanza zitieni sauti zote pamoja, kubwa na ndogo, katika chumba hicho hicho na kwa joto hilo hilo. Nyuzi za nailoni hulegea joto likipanda. Adungu iliyotiwa sauti uani juani ikaingizwa ndani usiku itakuwa imehama. Maikrofoni ikae urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi vidole, ielekezwe kwenye ngozi ya sanduku, kando kidogo ya matundu yake. Ukielekeza kwenye nyuzi utapata kukwaruza kwa kucha. Ile kubwa ya besi ikalishwe juu ya gunia lililokunjwa, isije sakafu ikavuma nayo.

Mkitaka kunasa kwa tabaka, kila sauti peke yake, fuateni mpangilio huu: kwanza mdundo wa kuhesabia katika hedifoni, kisha mtu mmoja aimbe wimbo wote kwa ajili ya kuongoza tu, halafu ngoma, adungu au gitaa, kiongozi, mwisho waitikiaji. Ule wa kuongoza utafutwa baadaye. Njia hii inakupa uwezo wa kurekebisha mmoja bila kuwagusa wengine. Lakini tunasema tunavyoona: nyimbo zetu za kuitikiana hupoa zikikatwa vipande. Mwitikiaji anamtazama kiongozi usoni, anajua lini atavuta na lini atakata. Hedifoni haina uso. Wimbo wa kazi naseni pamoja. Wimbo wa dansa, wenye mtindo wa Kikongo unaopendwa sana Koboko, unaweza kutabakishwa.

Kabla ya kubonyeza, mwambie kiongozi aimbe sehemu yake ya sauti kubwa kuliko zote. Kipimo katika kompyuta kifike kama desibeli 10 chini ya sifuri, kisipite 6. Kikigusa sifuri sauti inapasuka na haitengenezeki. Weka biti 24 na kilohezi 48. Kwa vipimo hivyo kila dakika ya sauti moja inachukua megabaiti kama 8.6, hivyo wimbo wa dakika nne wenye sauti nane ni megabaiti 275 hivi. Flashi ya kawaida inabeba nyimbo nyingi.

KARATASI

Kikundi kimoja tunachokijua kilikwenda katika studio fulani, kikalipa, kikapewa wimbo wake kwenye flashi. Baada ya mwaka walitaka kubadili ubeti. Wakaambiwa sauti zao ghafi, yaani zile tabaka moja moja, ni mali ya studio, na kuzipata ni malipo mengine. Hawakuwa na karatasi yoyote. Ikabidi wimbe upya, nao mmoja wa waimbaji alikuwa amekwisha kuhamia Juba.

Kubwa kuliko hilo ni habari ya Solomon Linda. Alikuwa mfanyakazi kama sisi, akifunga santuri katika kampuni ya Gallo, Afrika Kusini. Mwaka 1939 alinasa wimbo wake Mbube katika studio ya kampuni hiyo. Haki zake zilinunuliwa kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukaimbwa na Wazungu kwa majina mengine, ukaingia katika sinema ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Binti zake walipigana mahakamani hadi yakapatikana mapatano mwaka 2006, miaka 44 baada ya baba yao kuzikwa.

Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Kwa jinsi ilivyoandikwa, mambo manne yatuhusu. La kwanza, kazi hulindwa ikiwa ni ya mtunzi mwenyewe na imetiwa katika umbo la kushikika, kwa njia yoyote, hata kama ubora wake ni mdogo. Wimbo ulio kichwani haumo. Ulionaswa kwa simu juu ya stuli umo. Hii pekee yatosha kumfanya mtu anunue kadi ya kumbukumbu.

La pili, haki za fedha hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kama watunzi ni wengi, miaka hiyo huhesabiwa tangu kufa kwa wa mwisho wao. Kwa hiyo ni urithi wa watoto.

La tatu ndilo tunaloomba lisomwe mara mbili katika kila tawi. Kazi iliyotungwa katika utumishi wa mwajiri, au iliyoagizwa na mtu au kampuni, haki zake za fedha ni za mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kuna mkataba unaosema vingine. Meneja akiwaambia, "Tungeni wimbo wa kiwanda wa sherehe ya mwaka," nanyi mkatunga kwa saa za kazi bila maandishi, mmempa wimbo. Wanaweza kuutumia katika matangazo ya redio miaka kumi bila kuwapa hata soda. Hatusemi mkatae kutunga. Semeni kwanza mwandikiane: wimbo ni wa watunzi, kampuni inaruhusiwa kuutumia kwa sherehe hii na matangazo haya, kwa malipo haya. Mwite katibu wa tawi awepo.

La nne, usajili wa hakimiliki hufanywa na Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB, ambayo ina tawi Arua. Sheria yenyewe inakulinda hata kabla hujasajili, lakini siku ya ugomvi hati ya usajili ni shahidi. Nako kuna UPRS, chama cha watunzi kilichoanzishwa 1985, kinachokusanya malipo ya nyimbo zinazopigwa hadharani na kuwagawia wanachama wake. Sheria hurekebishwa mara kwa mara; ulizeni hapo Arua ni nini kimebadilika kabla ya kutia saini chochote.

Karatasi ya kikundi iandikwe kabla ya usiku wa kunasa, watu wakiwa bado marafiki. Ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo wote wanaisoma. Nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga nini. Fedha zikija zitagawanywaje. Vyombo vilivyonunuliwa kwa michango ni vya nani mtu akihama kazi. Sauti ghafi zitakaa kwa nani. Kama wimbo ni wa wazee, uandikwe hivyo pamoja na kijiji ulikotoka, asitokee kijana akajiandika mtunzi wa wimbo wa nyanya yake. Wote watie saini, asiyejua kuandika atie dole gumba, na kila mtu apate nakala.

KUPELEKA WIMBO

Sauti ghafi ziwekwe mahali patatu: kompyuta yenyewe, flashi, na flashi nyingine katika nyumba ya mwanachama mwingine, mbali na moto mmoja na mwizi mmoja. Wimbo uliokamilika utoeni kwa namna mbili, WAV kwa kuhifadhi na MP3 ya kilobiti 320 kwa kugawa. Ya pili haizidi megabaiti 10 kwa dakika nne. Msiwatumie watangazaji kwa kuupitisha WhatsApp kama sauti ya kawaida, maana unabanwa unaharibika. Utumeni kama faili, au upelekeni kwa mkono.

Redio za Arua hupiga nyimbo za lugha zetu. Radio Pacis, iliyoanza 2004, hutangaza kwa Kilugbara, Kialur, Kimadi na Kikakwa pia, na vipindi vyake vinasikilizwa vijijini kote. Vijana wa sokoni wanaojaza nyimbo katika kadi za simu wanafika mbali zaidi, ng'ambo ya mpaka hadi Aru na Yei, ila wao hawalipi mtu. Ndiyo sababu jina la wimbo, jina la kikundi na namba ya simu ya katibu viandikwe ndani ya faili lenyewe, katika nafasi zake ambazo Audacity inakuuliza unapohifadhi. Faili likihama simu mia moja, majina yanahama nalo. Anayetaka kuwaita harusini Ingbokolo atajua ampigie nani.

Tawi linalotaka kuanza lituletee majina ya wanakikundi na orodha ya vyombo walivyo navyo tayari, hata kama ni simu moja na godoro. Tutawaunganisha na wenzao walio karibu, ili kisanduku na maikrofoni vinunuliwe kwa michango ya matawi mawili na kutumiwa kwa zamu, wiki moja Arua, wiki moja Koboko. Kati ya miji hiyo ni kilomita 55 hivi za lami; vyombo vyote vinaingia katika begi moja.